Mlango wa Mninga

Mwaka ule mvua zilipochelewa, kanisa letu la Ipole
lilikuwa na ufunguo mmoja na pande mbili.
Wa dirishani walinena kwa lugha,
wakatetemeka hadi vumbi likawapanda magotini.
Wa ukutani tulikuwa kwaya: sare za bluu,
sauti nne, na kiburi, sauti ya tano.
Wao walituita kuni mbichi, moshi bila moto.
Sisi tuliwaita debe.
Mimi nilikuwa katibu. Niliandika yote,
nani kamtukana nani, tarehe, saa, shahidi,
katika daftari la kurasa mia mbili,
nikidhani hiyo ndiyo karama yangu.

Ufunguo alikaa nao Milembe, mjane wa fundi Kapela,
kaufunga kwenye ncha ya kanga.
Jumanne walikwenda wao: "Tupe, tukeshe."
Jumatano tukaenda sisi: "Tupe, tufanye mazoezi."
Wote alitupa matobolwa na karanga.
Hakutupa kitu kingine.

Alhamisi alfajiri tulisikia nyundo.
Milembe kapanda juu ya stuli, anang'oa bawaba,
na mlango ule wa mninga, kazi ya mwisho ya marehemu,
ukalala chini kama mtu aliyechoka kugombewa.
"Haya," alisema. "Mfungieni nje mnayemtaka."

Basi wakaingia wote.
Mbuzi wa balozi Luhende walilala madhabahuni.
Mvua, ilipofika hatimaye, haikupiga hodi.
Na Jumapili ya pili, nyuki:
kundi zima, limening'inia mimbarani,
jeusi, zito, linapumua.

Hapo karama zetu zikajulikana.
Aliyenena kwa lugha alimwita mama yake kwa Kinyamwezi safi.
Soprano wetu alifikia noti ambayo hakuna aliyemfundisha.
Mchungaji alitoka kwa dirisha; yaliyobaki siyaandiki.

Kisha Shija.
Shija wa benchi la nyuma, mrina asali,
asiyeimba, asiyenena,
anayenuka moshi hata siku ya Pasaka.
Aliomba vitu vitatu: ngazi, ukimya, karatasi kavu.
Ngazi waliishika Mhoja, nabii wa dirishani,
na Nkwabi, besi wetu,
watu wasiosalimiana tangu soko la tumbaku.
Ukimya tuliutoa sote, kwa mara ya kwanza.
Karatasi kavu, baada ya mvua ile,
ilikuwa daftari langu tu.

Nilisita. Nakiri mbele za Mungu na yeyote asomaye.
Kisha nikachana. Matusi ya Oktoba, matusi ya Novemba,
yakafuka moshi laini wa kijivu,
na nyuki wakashuka polepole,
wakaingia mzingani
kama watoto walioitwa kulala.

Baadaye, tukinawa masizi, nilimuuliza Shija
ni nyuki yupi mkubwa kuliko wote.
Alifikiri sana, hakuzoea kuulizwa.
"Kuna anayebeba maji tu," alisema, "maisha yake yote.
Hatengenezi asali, hakuna anayemjua.
Mtoe huyo siku ya jua kali,
masega yote yanayeyuka."

Sitasema tulipatana. Bado wanatetemeka,
bado tunazivuta noti za juu kupita kiasi,
na Mhoja na Nkwabi wamefika kwenye salamu,
hawajafika kwenye chai.
Lakini mlango haukurudi bawabani.
Tuliulaza juu ya matofali, ukawa meza,
juu yake tunamega mkate,
na watoto huchungulia kwenye tundu la kitasa
kuona miguu ya watakatifu chini.

Jumapili iliyopita mchungaji alihubiri
juu ya kifungo cha amani.
Katikati ya mahubiri Milembe alifungua ncha ya kanga.
Ufunguo ukaanguka mezani, ukalia kidogo.
Tuliutazama, pande zote mbili.
Hakuna aliyeuokota.